VIFAA VYA KUJIOKOLEA KATIKA MAJUMBA YA GHOROFA YANAPOSHIKA MOTO

(Maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wakaazi wa majumba ya ghorofa)



Jumamosi ya tarehe 25 Machi, 1911, zikiwa zimebaki dakika chache kazi ifungwe, moto ulizuka katika ghorofa ya nane ya jengo la ghorofa kumi mjini New York, nchini Marekani. Ghorofa tatu za juu za jengo hilo zilikuwa kiwanda cha Triangle, kilichokuwa kikishona mashati ya kike. Kabla ya kutimia nusu saa, moto ulikuwa umekwisha kufanya uharibifu wake. Watu 146 walifariki, na wengi wao walikuwa wasichana waliohamia nchini humo kutoka Italia na Ulaya ya Mashariki kutafuta riziki. Makumi miongoni mwao hawakuuawa na ndimi za moto, bali walijitupa madirishani mbele ya macho ya umati uliosimama barabarani.

Maafa hayo yanakumbukwa hadi leo si kwa wingi wa waliokufa pekee. Yanakumbukwa kwa sababu jengo lile halikukosa vifaa. Lilikuwa na ngazi mbili za ndani, lifti, ngazi ya chuma iliyopachikwa ukutani kwa nje, na ndoo za maji za kuzimia moto. Kikosi cha Zimamoto nacho kilifika upesi, kikiwa na ngazi ndefu na nyavu za kudakia watu. Hata hivyo takriban kila kimoja kilishindwa wakati kilipohitajiwa. Katika ghorofa ya tisa mlango wa ngazi moja ulikutwa umefungwa kwa ufunguo, kwani wafanyakazi walitakiwa watokee upande mmoja tu ili mikoba yao ikaguliwe. Ngazi ya chuma ya nje ilipinda, ikaporomoka pamoja na watu waliokuwa juu yake. Ngazi ndefu ya Zimamoto iliishia kimo cha ghorofa ya sita. Nyavu zilichanika, kwa kuwa watu waliruka kutoka juu mno, wengine wakiwa wameshikana mikono.

Waliosalimika waliokolewa na mambo ya kawaida kabisa. Waendesha lifti walirudi juu mara kadhaa kuwachukua wenzao mpaka lifti zikashindwa kwenda. Waliokimbilia juu ya paa walipokelewa na wanafunzi wa chuo kikuu katika jengo la jirani, ambao waliwateremshia ngazi wakawavuka. Na waliowahi kuteremka kwa ngazi iliyokuwa wazi walifika barabarani wakiwa hai.

Mazungumzo haya yanahusu vifaa vya kujiokolea katika majumba marefu: vifaa gani vipo, vinafanyaje kazi, na mipaka yake ni ipi. Lakini funzo la New York halina budi kutangulizwa. Kifaa cha kujiokolea ni tegemeo la mwisho. Tegemeo la kwanza ni njia iliyo wazi na mlango unaofunguka.

MOSHI HUTANGULIA MOTO

Watu wengi hudhani kwamba anayekufa katika jengo linalowaka huwa ameungua. Aghalabu sivyo. Moshi hufika kabla ya moto, na ndani yake mna hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni, na hivyo mwili hunyimwa pumzi hata kama kifua kinapanda na kushuka. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kuchanganyikiwa, kisha miguu humlegea, na huanguka hali yupo hatua chache kutoka mlangoni.

Tarehe 21 Novemba, 1980, hoteli ya MGM Grand mjini Las Vegas, Marekani, ilishika moto katika sehemu zake za chini. Watu 85 walifariki. Wengi wao walikuwa katika ghorofa za juu, mbali kabisa na moto wenyewe, na waliuawa na moshi uliopanda kwa njia za ngazi, za lifti na za mabomba ya hewa.

Kutokana na tabia hiyo ya moshi, ngazi ya jengo hugeuka dohani pindi milango yake inapoachwa wazi. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba mlango wa kuingilia katika ngazi ya dharura ujifunge wenyewe baada ya mtu kupita, lakini usifungwe kwa kufuli. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wengi huyachanganya. Mlango uliorudishwa huzuia moshi. Mlango uliopigwa kufuli huzuia watu.

VIFAA VILIVYOPO NA MIPAKA YAKE

Kifaa cha kwanza kinachofaa kuelezwa ni kapi la kuteremkia. Kila baharia wa jahazi anajua kazi ya kapi na kamba katika kupandisha tanga na kuteremsha mzigo. Kifaa hiki kinafuata asili hiyo hiyo, ila ndani ya kapi mna breki inayojiendesha: kadiri kamba inavyokwenda mbio, ndivyo breki inavyobana zaidi. Mtu hujifunga mkanda chini ya makwapa, hutoka dirishani akiuelekea ukuta, na huteremka kwa mwendo wa kadiri, usiozidi takriban mita 1.5 kwa sekunde, awe mzito au mwepesi. Mkanda wake unapofika chini, mkanda wa upande wa pili huwa umekwisha kupanda juu kumngojea mwingine. Katika Jamhuri ya Korea kanuni zinataka vifaa vya namna hiyo viwekwe katika majengo mengi, kuanzia ghorofa ya tatu hadi ya kumi, na nchini Japani navyo vinatumika kwa wingi.

Ubora wa kapi hilo ni kwamba halihitaji umeme wala nguvu za mikono. Udhaifu wake ni kwamba linategemea mambo matatu: chuma cha kulitundikia kilichofungwa imara ukutani, dirisha linalofunguka, na mtu aliyekwisha kufundishwa kulitumia. Likikosekana moja kati ya hayo, kifaa hubaki pambo la ukutani.

Cha pili ni mfereji wa kitambaa. Huu ni mrija mrefu wa nguo ngumu isiyoshika moto kwa urahisi, unaoteremshwa kutoka dirishani au barazani hadi chini. Mtu huingia ndani yake na kuteleza, akipunguza mwendo kwa viwiko na magoti. Mfereji una faida ya kumficha mtu asione kimo alichopo, jambo linalowafaa wenye kuogopa, na watu wengi wanaweza kuteremka mmoja baada ya mwingine. Hata hivyo unahitaji wasaidizi wa kuushika chini na wa kuwapanga watu juu.

Cha tatu ni ngazi ya kukunja, ya minyororo au ya kamba, inayoning'inizwa kwenye kizingiti cha dirisha. Kifaa hiki ni rahisi na kinaweza kuwekwa chini ya kitanda, lakini kinafaa kwa ghorofa ya pili au ya tatu tu. Kimo kikizidi hapo ngazi huyumba, na mtu mzima mwenye hofu, mama aliyebeba mtoto au mzee asiye na nguvu za mikono hawezi kuitegemea. Kamba tupu isiyo na breki ni mbaya zaidi, kwani huchubua viganja mpaka mtu aiachie. Ifahamike kwamba anayeanguka kutoka mita 10, yaani takriban ghorofa tatu, hufika chini kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa.

Cha nne ni mto wa hewa unaotandikwa chini na Zimamoto kwa ajili ya watu wanaoruka. Mito ya namna hiyo ina kimo chake maalumu. Ile inayotengenezwa kwa vipimo vya Ujerumani imekusudiwa kimo kisichozidi mita 16. Zaidi ya kimo, ipo hatari ya namna ya kuangukia. Tarehe 22 Agosti, 2024, moto ulizuka katika hoteli moja ya mji wa Bucheon, nchini Korea, na watu saba walifariki. Wawili kati yao waliruka kutoka ghorofa ya juu. Wa kwanza aliangukia ukingoni mwa mto badala ya katikati, mto ukapinduka, na wa pili aliyemfuata muda mfupi baadaye hakuukuta mahali pake. Katika moto huo huo mgeni mmoja wa kike, alipoona ukumbi umejaa moshi, aliingia bafuni, akafunga mlango, akaziba upenyo kwa taulo zilizoloweshwa na kufungulia maji mpaka waokozi walipomfikia. Yeye alisalimika.

Cha tano ni kofia ya kuzuia moshi. Ni mfuko wa plastiki usioungua upesi, wenye kioo cha kuonea na kichujio mbele ya pua na mdomo, unaovalishwa kichwani na kumpa mtu dakika chache za kupita katika moshi. Umuhimu wake ulidhihirika baada ya maafa ya jengo la Grenfell mjini London, yaliyotokea usiku wa tarehe 14 Juni, 2017. Jengo hilo la makaazi lilikuwa na ghorofa 24 na ngazi moja tu. Moto ulianzia jikoni katika ghorofa ya nne, ukapanda kwa nje kupitia vibao vya kupambia ukuta vilivyokuwa vikishika moto, na watu 72 wakafariki. Tume iliyochunguza maafa hayo, katika ripoti yake ya kwanza ya mwaka 2019, ilipendekeza vikosi vyote vya Zimamoto nchini Uingereza viwe na kofia hizo za kuwavalisha wakaazi wanapotolewa kupitia njia zilizojaa moshi. Kofia hiyo haitoi oksijeni. Huchuja tu hewa iliyopo. Kwa hiyo ni chombo cha kutokea, si chombo cha kurudia ndani kutafuta mali.

Cha sita ni kiti cha kuteremshia watu wasioweza kutembea. Ni kiti chepesi chenye mikanda na magurudumu, kinachoteleza juu ya vidato vya ngazi kikishikwa na mtu mmoja au wawili. Baada ya mlipuko wa bomu wa mwaka 1993 katika majengo ya World Trade Center mjini New York, mamlaka iliyoyamiliki majengo hayo ilinunua viti vya namna hiyo. Tarehe 11 Septemba, 2001, mfanyakazi mmoja aliyepooza, ambaye mwaka 1993 aliteseka kwa saa nyingi kabla ya kufikishwa chini, aliteremshwa kwa kiti hicho na wenzake kumi wakipokezana kutoka ghorofa ya 69, na wote wakatoka salama kabla jengo halijaanguka.  Kilichokipa thamani ni wenzake waliokubali kumngoja.

Kadhalika, baada ya maafa hayo ya mwaka 2001 walijitokeza wafanyabiashara waliotangaza parachuti za kurukia kutoka maofisini. Wataalamu wengi hawakuziunga mkono. Parachuti inahitaji kimo kikubwa ili ifunguke, upepo unaozunguka majengo hubadilika ghafla, na mtu ambaye hajawahi kuruka hawezi kujifunza siku ya moto.

HESABU YA DAKIKA

Mkuu wa ofisi anayefikiria kununua vifaa anashauriwa kwanza afanye hesabu ndogo. Chukua jengo la ghorofa kumi, lenye kimo cha takriban mita 30, na kapi moja la kuteremkia lenye mwendo wa mita moja kwa sekunde. Mtu mmoja atachukua nusu dakika kufika chini, na nusu dakika nyingine itapotea katika kujifunga mkanda na kupanda juu ya kizingiti. Kwa hiyo ni mtu mmoja kwa dakika. Wakiwapo watu 100, wa mwisho ataondoka baada ya saa moja na dakika arobaini. Moto wa kiwanda cha Triangle haukudumu muda wa kuwateremsha hata watu thelathini kwa hesabu hiyo.

Ngazi ya ndani yenye upana wa mita moja, isiyo na moshi wala kizuizi, hupitisha makumi ya watu katika dakika hiyo hiyo moja. Hapana kifaa cha dirishani kinachokaribia uwezo huo. Ngazi za magari ya Zimamoto nazo zina kikomo. Nyingi zilizo za kawaida hufika takriban mita 30, na zinahitaji barabara pana na ardhi ngumu ya kusimamisha gari. Hivyo kapi, mfereji na kofia ni kwa ajili ya wale wachache ambao ngazi imekwisha kuwafungia. Ofisi inayotundika kapi dirishani huku ngazi yake ya nyuma imejaa masanduku imeweka kiraka mahali pasipotoboka na kuliacha tundu.

PAA SI KIMBILIO LA HAKIKA

Yapo mazoea ya kudhani kwamba aliyezingirwa na moto akimbilie juu ya paa akachukuliwe na helikopta. Historia ya mji wa São Paulo, nchini Brazil, inatoa onyo. Tarehe 24 Februari, 1972, jengo la Andraus lilishika moto. Paa lake lilikuwa na uwanja wa kutulia helikopta, na mamia ya watu waliokolewa kwa njia hiyo. Waliofariki walikuwa 16. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Februari, 1974, liliungua jengo la Joelma lenye ghorofa 25 katika mji huo huo. Moto ulianzia katika ghorofa ya 12 kwa hitilafu ya umeme ya mashine ya kupoza hewa. Wengi walikumbuka yaliyotokea Andraus, wakapanda juu. Lakini paa la Joelma halikuwa na uwanja wa namna ile, na joto na moshi vilizizuia helikopta zisitue. Zaidi ya watu 170 walifariki, wakiwamo waliokuwa juu ya paa wakingoja. Jengo lile lilikuwa na ngazi moja tu, na moshi uliijaza mapema.

Waliopanda juu siku ile hawakuwa wajinga. Walifuata njia iliyowaokoa wengine katika jengo jingine. Kosa ni kwamba hapakuwa na aliyewaeleza mapema kuwa jengo lao si kama lile. Kwa mintarafu hiyo, kila jengo lina jawabu lake, na jawabu hilo hutafutwa siku ya amani.

HALI YA MAJUMBA YA VISIWANI

Visiwani hakuna majumba ya ghorofa ishirini na tano kama Joelma, na hilo lisiwe sababu ya kujiaminisha. Mtu hahitaji kuwa ghorofa ya 25 ili anaswe. Ghorofa ya tatu inatosha.

Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa, lakini dari zake zimebebwa na boriti, na ngazi zake aghalabu ni za mbao, tena nyembamba na zenye vidato virefu. Moto ukianzia chini, ngazi ndiyo inayotangulia kuwaka. Vichochoro vilivyo uzuri wa mji huo ndivyo vinavyolizuia gari la Zimamoto lisifike mlangoni. Na fundi asitundike kapi la kuteremkia kwenye ukuta wa mawe na chokaa kwa misumari ya kawaida. Ukuta wa namna hiyo unahitaji mtaalamu aupime kwanza, la sivyo mtu ataanguka pamoja na kapi lake.

Majumba ya Michenzani na mengineyo ya saruji yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 yana uimara tofauti. Kuta na dari zake huchelewesha moto usipite kutoka nyumba moja hadi nyingine. Faida hiyo hupotea pale ukumbi wa pamoja unapogeuzwa ghala, au mitungi ya gesi, madumu na makochi yanapopangwa kwenye vidato vya ngazi.

Lakini jambo moja ni la majumba yote, ya kale na ya sasa, ya makaazi na ya ofisi. Nalo ni nondo za madirisha na mageti ya chuma. Wananchi huyafunga kwa sababu ya wezi, na hakuna anayeweza kuwalaumu. Hata hivyo dirisha lililochomelewa nondo pande zote limefuta kwa mara moja kapi, mfereji, ngazi ya kukunja na ngazi ya Zimamoto. Mwokozi atafika, ataweka ngazi yake, na atatazamana na wenye nyumba kupitia nondo. Kadhalika mlango wa nyuma wa ofisi ambao ufunguo wake yupo nao mlinzi, naye mlinzi amekwenda kula, hauna tofauti na ule wa ghorofa ya tisa mjini New York. Mlango ule nao ulifungwa kwa ajili ya wezi.

Ulinzi na usalama vinaweza kuwekwa pamoja. Katika kila chumba cha kulala dirisha moja liwekewe nondo za fremu yenye bawaba, inayofunguka kutoka ndani kwa komeo lisilohitaji ufunguo, na komeo liwe mbali na mkono wa mtu aliye nje. Mlango wa dharura wa ofisi uwekewe kitasa kinachofunguka kwa kusukumwa kutoka ndani, ilhali kwa nje hakifunguki. Kazi hizo zinawezekana katika karakana za kuchomelea za hapa hapa. Bawaba zitiwe mafuta mara kwa mara, kwa kuwa chumvi ya bahari hula chuma, na dirisha lisilofunguliwa mwaka mzima huenda lisifunguke siku ya haja. Hali ni hiyo hiyo kwa kamba, mikanda na kapi: jua huozesha kamba na kutu hukamata breki, hivyo vifaa vihifadhiwe sandukuni na vikaguliwe kwa tarehe maalumu.

MAMBO YANAYOSISITIZWA

Kutokana na maelezo hayo, wakuu wa ofisi, masheha, wenye majumba na wakaazi wote wanakumbushwa yafuatayo:

(a) Ngazi zote na kumbi zake ziondolewe mafaili ya kale, viti vibovu, madumu, mitungi ya gesi na mizigo ya aina yoyote. Ngazi si ghala.

(b) Mlango wowote wa kutokea usifungwe kwa kufuli wakati watu wamo ndani ya jengo. Ikiwa hapana budi ufungwe kwa ufunguo usiku, ufunguo huo uwekwe mahali pamoja panapojulikana na kila anayelala humo, wakiwamo watoto na wageni.

(c) Kila nyumba iwe na angalau dirisha moja lenye nondo zinazofunguka kutoka ndani.

(d) Katika kila ofisi ya ghorofa yaandikwe majina ya watumishi wenye ulemavu, wajawazito na wagonjwa, na kila mmoja wao awekewe wenzake wawili watakaomsaidia kuteremka. Kiti cha kuteremshia kikiwezekana kinunuliwe kabla ya kifaa kingine chochote.

(e) Asinunue mtu kapi, mfereji au kofia ya moshi kwa kuvutiwa na tangazo. Kwanza ushauri utakwe kwa Zimamoto, mahali pa kufungia pakaguliwe na fundi mwenye ujuzi, na watumiaji wafundishwe kwa vitendo.

(f) Moto unapotokea, lifti isitumiwe isipokuwa kwa amri ya Zimamoto. Anayetoka arudishe mlango nyuma yake bila ya kuufunga kwa ufunguo, awagongee jirani, na ateremke akishika ukuta. Moshi ukiwa mwingi ainame, kwani hewa safi hubaki chini karibu na sakafu.

(g) Anayekuta ngazi imejaa moshi mzito asilazimishe kupita. Arudi katika chumba chenye dirisha la upande wa barabara, afunge mlango, azibe upenyo kwa nguo zilizoloweshwa, kisha apunge kitambaa na kupaza sauti dirishani. Kama ana simu awaeleze Zimamoto jina la jengo, ghorofa na chumba alichomo. Tahadhari hii inafaa zaidi katika majumba ya saruji. Katika nyumba za dari za boriti muda wa kungoja ni mfupi, na kila dakika ya mwanzo itumiwe kutoka.

(h) Zoezi la kutoka lifanywe angalau mara mbili kwa mwaka katika kila ofisi, skuli, hospitali na nyumba ya wageni, na mara moja kati ya hizo njia moja ifungwe makusudi ili watu wajifunze kuitafuta ya pili.

Ndugu wananchi,

Baada ya maafa ya mwaka 1911, jimbo la New York liliunda tume ya kuchunguza viwanda, na katika miaka michache zikapitishwa sheria nyingi za usalama. Miongoni mwa zilizotiliwa mkazo zilikuwamo zile nyepesi kuliko zote: milango isifungwe kwa ufunguo saa za kazi, ifunguke kwa kuelekea nje, na watu wafanyishwe mazoezi ya kutoka. Hapana hata moja kati ya hizo iliyohitaji mtambo mpya. Zote zingaliweza kutekelezwa asubuhi ya siku ile ile ya moto, na wasichana wengi wa ghorofa ya tisa wangalirudi makwao jioni.

Wahenga walinena kwamba tahadhari kabla ya hatari. Kwa hiyo kila anayeishi au kufanya kazi juu ya ghorofa anaombwa, leo kabla ya kulala au kabla ya kuondoka kazini, auendee mlango wa pili wa kutokea na kujaribu kuufungua kwa mkono wake mwenyewe. Ukifunguka, na ashukuru. Usipofunguka, amtafute mwenye ufunguo, na asiondoke mpaka jambo hilo limepatiwa ufumbuzi.